Betri Mkobani Mwangu

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni sababu ya kuficha. Mume wangu husema hata chumvi ikizidi kwenye mchuzi nilioupika kwa mkono wangu, kwanza nitauliza nani alipita jikoni. Namjibu kwamba yeye alipita. Basi asubuhi ile laptop yetu iliponiambia kuwa leo ni Januari mosi mwaka 1980, saa sita na dakika tatu za usiku, wakati jua la Kaloleni linanichoma shingo kupitia dirishani, sikufikiri hata kidogo kwamba imeharibika. Nilifikiri kuna mtu ameigusa.

Na mtu wa kuigusa alikuwa mmoja tu. Alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, anakunywa chai ya maziwa na kumega andazi, hana habari.

"Vipi, dada? Mbona umeitolea macho?"

"Hakuna kitu," nikamwambia. Nikaanza kumpeleleza.

Huyo mwenzangu nilikuwa nimefanya naye kazi miaka ishirini na miwili. Tulikuwa wachapaji katika shirika la umma, chumba kimoja, taipureta zetu zimepakana. Soko huria lilipoingia na shirika likatafutiwa mnunuzi, sisi ndio tuliochapa barua za kuwapunguza watu kazi. Rundo zima, siku tatu mfululizo. Zetu zilikuwa chini kabisa. Yeye alichapa ya kwangu na mimi nikachapa ya kwake, tukapeana, kisha tukacheka mpaka bosi akaja kuchungulia. Baada ya kucheka tukalia. Jioni hiyohiyo, tukishuka ngazi, akasema, "Dada, mimi sirudi kijijini kuuza parachichi. Tufungue ofisi yetu." Yeye ni Mchaga na mimi ni Mmeru, na utani wetu ulikuwa huohuo kila siku: mimi nikimwambia watu wa kwao wangezaliwa na kibanda cha duka mgongoni kama ingewezekana, yeye akinijibu kwamba Wameru wana siri hata kwenye mkungu wa ndizi.

Tukapanga chumba kimoja Kaloleni, karibu na uwanja wa mpira, kwenye nyumba yenye vyumba vinane na choo kimoja. Tukaandikisha kibao: tunachapa barua, mikataba, maombi ya kazi, ratiba za mazishi na kadi za harusi. Laptop tuliuziwa na mzungu wa mradi wa maji aliyekuwa anarudi kwao. Nyeusi, nene, nzito kama tofali la kuchoma. Lakini ilikuwa na jambo moja lililotufaa kuliko kompyuta kubwa za mezani: umeme ukikatika, na enzi hizo za mgao ulikuwa unakatika kama mtu anayepepesa macho, yenyewe iliendelea kwa betri karibu saa nzima. Majirani wanawasha mishumaa, sisi tunachapa.

Sasa hiyo betri ndiyo habari yenyewe.

Kule shirikani, miaka ile ya shida, utepe wa taipureta ulikuwa dhahabu. Unaweza kukosa sabuni, ukakosa sukari, ukavumilia, lakini mchapaji asiye na utepe ni mtu wa kukaa tu na kukata kucha. Ukiuacha utepe wako mzuri kwenye mashine jioni, asubuhi unakuta umebadilishiwa, umewekewa wa mtu mwingine uliochakaa mpaka unaona mwanga upande wa pili. Kila mtu ataapa si yeye. Ndiyo maana tulikuwa na desturi, chumba kizima: saa tisa na nusu ikigonga, kila mmoja anatoa utepe wake, anaufunga kwenye mfuko wa nailoni, anaondoka nao. Mimi nimeenda nyumbani na utepe mkobani miaka kumi na minane. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi hata Jumapili kanisani.

Basi laptop ilipoingia, nikagundua kuwa ukiigeuza kuna kitufe chini. Ukikisukuma, betri inatoka yenyewe, imekaa vizuri kiganjani. Mkono wangu ulijua la kufanya bila kuniuliza. Siku ya kwanza tu nikaichomoa, nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaitia mkobani.

Mwenzangu alicheka. "Dada, huo si utepe!"

"Najua si utepe. Lakini ni mali."

"Haya bwana. Nenda na mali."

Aliniacha. Yeye ile desturi aliiacha siku tuliyoshuka ngazi, mimi nikaendelea nayo. Kila jioni natoa betri, nachomoa waya wa chaji ukutani, naifungia laptop kwenye droo. Kila mmoja ana ufunguo wa chumba na wa droo. Mwenzangu anaishi Sokon One, kwa hiyo anawahi, anafungua saa moja na nusu, anafagia. Mimi natoka upande wa Tengeru, nafika saa mbili na betri yangu. Miezi minane mambo yakaenda hivyo, salama salimini.

Halafu ndipo ukaja huo mwaka 1980.

Siku ya kwanza nilirekebisha tarehe. Siku ya pili tena Januari mosi, 1980. Siku ya tatu, kabla hata haijawaka vizuri, kioo kikawa cheusi na maneno meupe ya Kiingereza, kwamba mipangilio yake imepotea, nibonyeze kitufe fulani kuendelea na kitufe kingine nikitaka kuipanga upya. Nikasema, ehee. Mipangilio haipotei kama kuku. Mtu ameivuruga.

Nikakaa nikapiga hesabu zangu. Mwenzangu yuko peke yake humu nusu saa kila asubuhi. Nusu saa inatosha kuchapa barua mbili za watu, akazitoa kwenye printa, wateja wakazipitia dirishani. Anaiwashaje bila betri yangu sikujua bado, lakini niliamini ameshapata njia. Halafu, ili nisijue amefanya kazi saa ngapi, anairudisha saa nyuma kabisa. Mungu anisamehe, hata nikawaza, ndiyo biashara yenyewe ya kwao hiyo, wanaanza na wewe kisha wanakutoa. Utani wa miaka ishirini ulinigeukia kichwani ukawa ushahidi.

Kilichonitia wazimu zaidi ni yule dada wa barua ya kazi. Alikuwa anaomba kazi ya mapokezi kwenye kampuni ya watalii. Mimi nilikuwa nimeshajifunza kuiambia kompyuta iandike yenyewe tarehe ya leo, nikijiona mjanja, na siku ya barua yake nilisahau kurekebisha saa kwanza. Akarudi baada ya siku tatu, amekasirika, ameishika barua kama mtu aliyeshika panya aliyekufa. Wale watu wa watalii walimwuliza, mwaka 1980 alipoandika maombi haya alikuwa na umri gani.

"Nikawaambia nilikuwa nanyonya," akasema. "Wakacheka wote. Kazi wamempa mwingine."

Mwenzangu akamwomba radhi, akamchapia nyingine palepale, akampa na bahasha. Alimsindikiza mpaka barabarani, akiwa amemshika bega. Mimi nilibaki nimekaa, najiambia: mtu mwenye hatia ndiye anayeomba radhi haraka hivyo.

Mnaona nilivyokuwa.

Yule mzungu alituachia kitabu cha maelekezo. Nikakisoma kwa kamusi pembeni, wiki nzima, wakati wa chakula cha mchana, mwenzangu akidhani nimeokoka upya. Nikajifunza kwamba unaweza kuiwekea mashine neno la siri, ikawa haiwaki mpaka uliandike. Nikaliweka jioni moja, mwenzangu ametoka kununua karatasi. Niliweka jina la ng'ombe wa mama yangu, jina ambalo hata mume wangu halijui. Nikaijaribu: nikaizima, nikaiwasha, ikaniuliza neno la siri, nikaliandika, ikanikubali. Nikachomoa betri, nikaenda zangu nyumbani nimetulia kama mtu aliyefunga zizi.

Asubuhi nikaichomeka betri, nikaiwasha. Haikuniuliza kitu. Neno la siri halipo. Tarehe ni Januari mosi, 1980.

Jamani! Saa inaweza kukosea, sawa. Hata saa ya kanisa letu imesimama tangu askofu wa zamani. Lakini kufuli linajitoa lenyewe? Tangu lini? Nikamtazama mwenzangu anavyopanga karatasi, taratibu, anaimba pambio puani, nikasema moyoni, mwanamke huyu ni hatari.

Nikaanza mitego. Jioni naweka uzi mwembamba mweusi kwenye mfuniko wa laptop kabla ya kufunga droo. Asubuhi nawahi, nafika saa moja kabla yake, nafungua: uzi upo palepale, sawasawa nilivyouweka. Mtu mwenye akili timamu angesema, basi hakuna aliyeigusa. Mimi nilisema, loo, ameuona uzi, akaurudisha. Anajua mitego. Nikazidi kumwogopa.

Kisha mteja mmoja, mwalimu, akanifungua macho kwa upande usiofaa. Aliniona nachomeka betri akauliza naihangaikia ya nini, mashine hizi zinawaka kwa waya peke yake, hata betri isipokuwepo. Nilikuwa sijui! Miezi yote nikidhani nimekwenda na roho ya mashine mkobani, kumbe chaji nimemwachia kwenye droo. Tangu siku hiyo nikawa nabeba betri na chaji pia. Mkoba ukawa mzito kama nimebeba mawe ya Meru. Na asubuhi iliyofuata? Januari mosi, 1980.

Basi ana chaji yake. Kanunua ya pili, kaificha. Hapo sikuona jibu lingine lolote duniani.

Na kweli mwenendo wake ulikuwa umebadilika. Mara mbili aliomba kutoka mapema. "Naenda Daraja Mbili mara moja, dada." Kufanya nini? "Kuna mtu naenda kumwona." Nani? "Mtu tu." Siku nyingine nikamwona amesimama mlangoni kwa wale washindani wetu wa ng'ambo ya barabara, wenye kompyuta tatu na vijana wenye tai, anaongea na mwenye ofisi, anachora kitu hewani kwa mikono. Aliponiona akaingia kwetu haraka. Nikamwuliza walikuwa wanaongea nini. Akasema, "Habari za kawaida."

Jioni ile, ninapochomoa betri, akanitazama muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ya kubembeleza, "Dada, hivi kwa nini usiiache tu hiyo betri mahali pake? Ukaiacha humo usiku, mambo mengine yangetulia."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Yaani ananiomba! Mchana kweupe, bila aibu, ananiomba nimwachie betri!

"Ungependa niiache," nikasema.

"Ndiyo, dada. Jaribu hata siku mbili."

"Nitaiacha siku nitakayokufa."

Akachukua mkoba wake akaondoka. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba sasa nina uhakika.

Kesho yake ilikuwa Jumanne, baridi ya Julai, mlima wote umejifunika wingu na watu wamevaa makoti mpaka ndani. Mzee mmoja wa usharika alikuwa amekuja kuchukua ratiba ya mazishi ya mkewe. Nikaiwasha mashine. Kioo cheusi, maneno meupe, mwaka 1980. Na ile ratiba, tuliyoichapa jana yake bila kuitoa kwenye printa, ikagoma kufunguka, kwa sababu mashine ilikuwa imesahau mpaka namna ya kusoma diski yake. Mzee amesimama na kofia mkononi. Gari la maiti linamngoja.

Nikalipuka. Sitaki kujitetea. Nilisimama nikampigia kelele mwenzangu mbele ya yule mzee mfiwa, nikamwambia amekuwa akitumia mashine kwa siri, amevuruga saa, ametoa neno la siri, ana chaji ya wizi, anatuuza kwa watu wa ng'ambo. Alikuwa ameshika chupa ya chai. Aliiweka chini polepole.

"Mimi?"

"Kwani humu tuko wangapi?"

"Dada, mimi nimetumia mashine kwa siri?"

"Fungua mkoba."

Yule mzee akasema, "Mama, mama, tafadhali." Sikumsikia. Nilikuwa nimenyoosha mkono. Mwenzangu akautazama ule mkono, kisha akaweka mkoba wake juu ya meza, akafungua zipu, akaugeuza wote juu chini. Vikatoka vitu vyake: kitabu cha nyimbo, miwani iliyofungwa uzi kwenye mkono, ndizi mbili za kuchoma kwenye gazeti, kanga, dawa ya presha, soksi moja ya mtoto ambayo sijui ilifikaje, na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Chaji haikuwepo. Nilipapasa mpaka mifuko ya ndani. Kile kikaratasi nilikisukuma kando, kwa sababu nilikuwa natafuta waya.

Hakulia. Ningependelea angelia au angenitukana. Alirudisha kitu kimoja kimoja. Alipofika kwenye kikaratasi alikishika, akanitazama, akawa kama anataka kunipa, kisha akakitia mkobani nacho. Akaweka funguo zake mbili mezani.

"Pole sana na msiba, mzee," akamwambia yule mfiwa. "Nitakwenda pale ng'ambo nikakuchapie upya. Maneno yote ninayo kichwani."

Wakatoka wote wawili.

Asubuhi iliyofuata nilifungua ofisi mwenyewe, nikafagia mwenyewe, nikaichomeka betri nikiwa na furaha fulani chungu, furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Januari mosi, 1980.

Ana ufunguo wa akiba, nikasema. Nikanunua kufuli jipya, zito, la kuzuia hata tembo. Kesho yake: 1980. Nikaibeba laptop yenyewe mpaka nyumbani, nikaiweka juu ya kabati chumbani kwetu, betri nikaifungia kwenye sanduku langu la nguo. Asubuhi nikaichomeka kitandani kabla hata sijanawa uso. Neno la siri halipo. 1980.

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anavaa soksi.

Akanitazama nilivyomtazama, akasema, "Mama watoto, usithubutu."

Nilikaa pale kitandani na ile mashine mapajani, na orodha ya watu wa kuwashuku imeisha. Nilikuwa nimebaki peke yangu. Nikasikia hofu, si ya mashine.

Nilikuwa nimeapa siku nyingi kwamba fundi hataigusa laptop yetu, mafundi wanatoa vifaa vizima wanaweka vibovu. Mwenzangu alikuwa anajua kiapo hicho. Lakini siku hiyo niliuliza, nikaelekezwa kwa fundi wa redio na kompyuta Daraja Mbili, mtu mzima mwenye koti la kazi na bisibisi nyuma ya sikio. Nikamwambia sitoki hapa mpaka amalize, na atafungua macho yangu yakiona. Akacheka, akasema kaa hapo mama, kuna kigoda.

Aliifungua. Ndani, pembeni, kulikuwa na kidude cha duara kimefungwa plastiki ya njano, kidogo kama kifungo cha koti.

"Hii ni betri ya saa," akasema. "Ndiyo inayoikumbusha mashine tarehe, neno la siri, na mipangilio yake yote ikiwa imezimwa. Imekufa. Lakini hata ikiwa imekufa, betri kubwa ikikaa mahali pake inaishika saa. Ukichomoa kubwa na chaji pia ukachomoa, mashine inasahau kila kitu. Kwani nani anaichomoa?"

Nikaukumbatia mkoba wangu.

"Maana hata hii ndogo haikufa bure. Kila kubwa ikitolewa, hii peke yake ndiyo inayobeba usiku kucha. Mmeichosha." Akaishika kwa koleo ndogo, akaigeuza. Kisha akaacha, akaniangalia vizuri. "Subiri. Ninyi ndio wa Kaloleni, wachapaji? Mama mmoja alikuja hapa mara mbili kuniuliza haya haya. Mpole, wa Sokon One. Wale wa kompyuta tatu ndio waliomwelekeza kwangu. Nikamwambia dawa ni nyepesi, msiitoe betri usiku, basi. Akasema nimwandikie na nimtilie sahihi. Nikamwambia mama, kwani ni cheti cha daktari? Akasema mwenzake hatamwamini yeye, labda ataamini maandishi ya fundi."

Kile kikaratasi. Kilichokunjwa mara nne. Nilikisukuma kwa vidole vyangu mwenyewe.

Sikumbuki nilivyotoka pale. Nakumbuka nilikuwa nimekaa juu ya ukingo wa daraja, laptop kwenye mapaja, nalia kama mtoto, watu wanapita wananipa pole wakidhani nimefiwa.

Kwetu na kwao tunaelewana katika jambo moja. Ukimkosea mtu mpaka maneno yakakosa nguvu, unakata jani la sale, lile linalopandwa mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya ukoo, unalifunga fundo, unampelekea. Jani hilo likishaletwa mlangoni halikataliwi. Anayelikataa anajitafutia mkosi yeye na nyumba yake, ndivyo tulivyokuzwa. Nilipanda kwetu mlimani Jumamosi, nikalikata kwenye mpaka wa marehemu baba. Mama aliniona, akaniuliza nimemfanya nani nini. Nikamwambia. Akasema, "Huyo huyo wa barua?" Kwa sababu nilikuwa nimemsimulia jinsi tulivyochapiana barua. Akatikisa kichwa, akaingia ndani, hakuniaga.

Jumapili baada ya ibada nilikuwa mlangoni kwake Sokon One. Alikuwa anaanua nguo. Nikapiga magoti pale uani, na suti yangu ya kanisani, nikamnyooshea lile jani kwa mikono miwili.

"Nimekukosea. Nimekudhalilisha mbele ya watu. Fundi ameniambia yote. Ilikuwa mimi, ilikuwa mkono wangu mwenyewe kila jioni."

Alisimama na shuka begani. Aliliangalia jani muda mrefu, kuliko alivyoniangalia mimi. Niliona wazi, na hili siwezi kulisahau, kwamba kama ningekuja na mkate, au na kitenge, au na machozi matupu, angenirudisha. Lakini nilikuja na sale, na yeye amelelewa kama mimi. Akaweka shuka kwenye beseni, akafuta mikono, akalipokea.

"Yameisha," akasema. "Inuka, utachafua nguo. Kesho nitakuja kazini." Nikamwachia funguo zake mbili, pamoja na ufunguo wa lile kufuli jipya.

Akaja, saa moja na nusu, akafagia. Nilipofika saa mbili laptop ilikuwa ndani ya droo, betri iko mahali pake ilipolala tangu nilipotoka kwa fundi, nikaipanga mashine upya na kuirudisha ofisini. Tukaiwasha pamoja, tarehe ikawa sahihi, neno la siri likaulizwa. Nilishangilia, nikapiga makofi. Yeye akatabasamu. "Afadhali, dada," akasema, akaanza kuchapa. Nilimwambia neno la siri palepale, jina la ng'ombe wa mama. Akasema asante, lakini angeomba niwe naliandika mimi mwenyewe, yeye ataningoja. Na kweli, kuanzia siku hiyo, hata nichelewe vipi, sikumkuta ameiwasha.

Saa kumi na moja jioni tukafunga kazi. Nikachukua mkoba wangu, mwepesi, hauna betri wala chaji. Nikamgeukia nimwambie twende. Alikuwa ameweka mkoba wake juu ya meza. Akafungua zipu, akaupanua kwa mikono miwili, akausogeza upande wangu. Kitabu cha nyimbo, miwani, kanga, dawa ya presha.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Naonyesha, dada. Ni utaratibu tu."

"Acha bwana, nilishaomba msamaha!"

"Nami nilishasamehe," akasema, bila hasira yoyote. "Angalia tu, tuondoke."

Nilimsihi siku hiyo, nikamsihi na kesho yake, nikamkasirikia, nikamtania, nikamletea mume wangu aje amwambie. Alitusikiliza sote wawili kwa heshima. Tulifanya kazi pamoja miaka mingine minne, mpaka miguu yake iliposhindwa, na sikumbuki jioni hata moja aliyoondoka bila kuweka mkoba ule mezani na kuufungua. Baada ya jioni ile ya kwanza, mimi sikuangalia ndani tena. Nilikuwa nageuza uso pembeni, kwenye kioo cha laptop, ambako saa ilikuwa sawa kabisa.